Christopher Strachey, mwalimu wa shule aliyeifundisha kompyuta kuandika bila kuelewa

Mwezi wa kwanza mwaka 1951, wakati wa likizo, mwalimu mmoja wa shule ya Harrow, karibu na London, alikwenda Teddington kutazama mashini. Mashini hiyo iliitwa Pilot ACE, na ilikuwa katika maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza. Miaka hiyo kompyuta, au ordinatere kama wengi wetu tunavyosema, zilikuwa chache sana duniani, na watu waliojua kuziandikia maagizo walikuwa wachache vilevile. Mwalimu huyo alikuwa na miaka 34. Hakuwa na doktora wala hakuwa mtafiti wa chuo kikuu chochote. Alishinda pale siku nzima, akarudi nyumbani na nia moja: kuiandikia mashini ile programu ya kucheza drafti.

Jina lake lilikuwa Christopher Strachey. Nje ya fani ya kompyuta ni wachache wanaomkumbuka, lakini ndani ya fani hiyo jina lake lina uzito mkubwa. Lugha ya C, ambayo imetumika kuandika sehemu kubwa ya programu zinazoendesha mashini za leo, ina babu yake katika kazi aliyoifanya na wenzake Cambridge. Katika kazi zake kuna moja ndogo, ya mwaka 1965, ambayo inaonyesha vizuri zaidi namna alivyofikiri. Inahusu swali linaloonekana jepesi: mashini inapopewa maandishi, itajuaje neno limeanzia wapi na limeishia wapi?

Strachey alizaliwa tarehe 16 mwezi wa 11 mwaka 1916, London, katika familia iliyojulikana. Baba yake, Oliver, alikuwa mvunja siri: alifanya kazi ya kufumbua ujumbe wa fumbo wa maadui katika vita vikuu vyote viwili. Mama yake, Ray, alisoma hisabati Cambridge, kisha akawa mmoja wa wanawake waliopigania haki ya wanawake kupiga kura Uingereza. Baba yake mdogo, Lytton Strachey, alikuwa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya maisha ya watu. Kwa hiyo kijana alikua katika nyumba ya maneno na hesabu, na kila mtu alimtarajia makubwa.

Hayakuja mapema. Mwaka 1935 aliingia chuo cha King's, Cambridge. Katika mwaka wa tatu akili yake ilichoka kabisa, ikabidi asimamishe masomo kwa muda. Aliporudi alimaliza kwa daraja la pili la chini, na alama hizo hazikutosha kumfungulia mlango wa utafiti. Aliajiriwa na kampuni ya simu, Standard Telephones and Cables, na wakati wa vita alipiga hesabu za mirija ya elektroni iliyotumika kwenye rada. Hesabu zilikuwa nzito hadi zikahitaji mashini ya kukokotoa, na hapo ndipo alipoanza kuzipenda mashini. Vita vilipokwisha, mwaka 1945, alikwenda kufundisha Canterbury, na mwaka 1949 akahamia Harrow. Angeweza kustaafu akiwa mwalimu mwema wa fizikia na hisabati, na habari yake ingeishia hapo.

Usiku mmoja Manchester

Programu ya drafti ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa Pilot ACE. Kumbukumbu ya mashini haikuitosha. Strachey akasikia kwamba Manchester kuna mashini yenye nafasi zaidi, Ferranti Mark 1. Alan Turing, ambaye waliwahi kufahamiana King's, ndiye aliyekuwa ameandika kitabu cha kuwaelekeza watumiaji wake. Strachey akakiomba, akakisoma, akaenda Manchester.

Turing alimpa jaribio: aandike programu itakayoifanya mashini ijifuatilie yenyewe hatua kwa hatua, ili makosa yaonekane. Strachey alirudi na programu ya maagizo yapatayo 1000, ndefu kuliko zilizokuwa zimezoeleka pale, tena kutoka kwa mgeni. Alikesha nayo. Kulipokucha ilikuwa inafanya kazi, na ilipofika mwisho mashini ilipiga wimbo wa taifa wa Uingereza kwa kipaza sauti chake kidogo, kilichowekwa kwa ajili ya kutoa mlio tu. Mwaka huohuo wa 1951 watu wa BBC walikwenda kurekodi muziki wa mashini hiyo. Rekodi ipo hadi leo. Mwaka 2016 watafiti wa New Zealand waliisafisha na kurudisha sauti yake ya asili.

Drafti nayo ilifika. Kufikia mwaka 1952 mashini iliweza kucheza mchezo mzima na binadamu kwa mwendo unaovumilika. Lakini mwaka huohuo alifanya jambo lingine, ambalo wenzake wengi waliliona kuwa utani: aliifanya mashini iandike barua za mapenzi.

Siri ya barua hizo ni rahisi kuieleza. Strachey aliandika mifano miwili mitatu ya sentensi yenye nafasi tupu, kisha akatengeneza orodha za maneno: haya ya kumwita mpenzi, haya ya kusifia, haya ya kueleza shauku. Mashini ilichagua maneno kwa bahati nasibu, ikayaweka katika nafasi zile, ikamaliza kwa sahihi ya herufi tatu, M.U.C., yaani kompyuta ya Chuo Kikuu cha Manchester. Barua zilikuwa za kizamani na zenye sukari nyingi, lakini zilisomeka. Mashini haikujua mapenzi ni nini. Haikujua hata neno ni nini. Ilichukua alama kutoka mahali fulani na kuziweka mahali pengine, na msomaji ndiye aliyeleta maana mwenyewe. Kwangu mimi, kila kitu alichofanya Strachey baadaye kimo tayari ndani ya utani huo.

Mwaka 1952 aliacha ualimu, akaajiriwa na shirika la serikali lililosimamia uvumbuzi mpya. Walimtuma Toronto, Kanada, ambako alitumia kompyuta kupiga hesabu za viwango vya maji kwa mradi wa njia ya meli ya mto St. Lawrence. Aliporudi alishiriki kupanga maagizo ya kompyuta ya Pegasus, ambayo watu walioitumia waliisifu kwa sababu haikumtesa mwandishi wa programu. Mwaka 1959, katika mkutano wa UNESCO mjini Paris, alitoa mada kuhusu namna kompyuta moja kubwa inavyoweza kugawa muda wake kati ya kazi mbalimbali. Mwaka huohuo aliacha kazi ya mshahara, akawa mshauri wa kujitegemea nyumbani kwake London. Kwa pesa zake mwenyewe alimwajiri kijana Peter Landin kama msaidizi, na sehemu ya kazi ya kijana huyo ilikuwa kufikiria lugha za kompyuta kama kitu cha hisabati. Si washauri wengi wangelipia jambo lisilo na mteja.

Neno linaanzia wapi?

Mwaka 1962 alirudi Cambridge, kwenye maabara ya hisabati iliyoongozwa na Maurice Wilkes. Kazi ilikuwa kubuni lugha mpya ya kuandikia programu, iitwayo CPL, kwa kompyuta mpya ya Cambridge na nyingine ya London.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana ndipo kazi yake ya mwaka 1965 ilipozaliwa.

Kompyuta huelewa namba peke yake. Kila agizo, kama vile jumlisha au hifadhi, ni namba. Binadamu akiandika namba hizo kwa mkono hukosea haraka. Ndiyo sababu palebuni Cambridge, mwaka 1949, kompyuta ya EDSAC ilipewa programu ndogo ya kusoma maagizo yaliyoandikwa kwa herufi, kazi ya kijana David Wheeler. Mtu aliandika A kwa kujumlisha, kisha anwani ya mahali namba ilipo, kisha S au L kuonyesha kama namba ni fupi au ndefu. Mashini ilisoma alama moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni herufi, basi hiyo ndiyo kazi. Zinazofuata ni tarakimu: kila tarakimu ikija, ile iliyokwisha kusomwa inazidishwa kwa 10 na mpya inaongezwa. Ikija S au L, agizo limekwisha. Programu za aina hiyo, zinazogeuza herufi kuwa namba za mashini, zikaja kuitwa asembla.

Asembla iliondoa mateso ya kwanza ikaacha ya pili. Mwandishi alijikuta akirudia kundi lilelile la maagizo mara 20, mara 50, akibadilisha anwani tu. Ndipo likaja wazo la makro: kundi lipe jina, kisha andika jina, na mashini iandike kundi zima mahali pake. Ni kama kadi ya mwaliko wa harusi. Maneno ni yale kwa wageni wote, jina la mgeni ndilo linabadilika.

Lakini ili mashini ibadilishe jina kwa kundi, lazima kwanza ilione jina. Na mashini haioni maneno. Inaona mstari mrefu wa alama. Chukua makro yenye jina la maji. Ikiwa mashini inatafuta tu herufi m, a, j, i zikifuatana, itazikuta pia ndani ya majira na majirani, na itayaharibu maneno hayo mawili bila kujua. Kwa hiyo asembla nyingi zina kanuni za kukata maandishi vipande: jina huanza kwa herufi, huendelea mradi zinakuja herufi au tarakimu, na hukoma ikitokea nafasi tupu au alama kama ya kujumlisha. B+1 inakatwa vipande vitatu. B1 inabaki kipande kimoja. Kila asembla ilikuwa na kanuni zake, na mtu aliyehama kutoka mashini moja kwenda nyingine alianza upya.

Kwa timu ya CPL hilo lilikuwa tatizo la kweli. Walitaka kuandika programu ya kutafsiri CPL kwa namna ambayo ingeweza kuhamishwa kwenye mashini mbili tofauti. Walihitaji chombo cha makro ambacho hakifungwi na asembla yoyote.

Jibu la Strachey lilikuwa kukataa kukata. Chombo chake, alichokiita GPM, hakitafuti maneno hata kidogo. Kinasoma alama moja moja, na karibu kila alama kinainakili vilevile ilivyo, pamoja na nafasi tupu na mwisho wa mstari. Ni alama chache tu zenye kazi. Alama ya § inasema: hapa unaanza wito. Mkato unatenga vipande. Nukta-mkato inasema: wito umekwisha. Mawimbi yenye namba, kama ~1, yanashika nafasi ya kipande cha kwanza. Na maandishi yaliyo kati ya < na > hayaguswi. Chombo kinavua mabano hayo na kuyaacha yaliyomo kama yalivyo.

Mwaliko wetu wa harusi ungefundishwa hivi:

§DEF,mwaliko,<Ndugu ~1 anaalikwa kwenye ndoa ya ~2>;

Na ungeitwa hivi:

§mwaliko,Baraka,Furaha;

Kinachotoka ni: Ndugu Baraka anaalikwa kwenye ndoa ya Furaha. Mwandishi mwenyewe ameonyesha jina linaanzia wapi na linaishia wapi, kwa hiyo mashini haina haja ya kubahatisha. Jina linaweza kuwa na nafasi ndani yake, linaweza kuwa namba, linaweza kuwa alama yoyote. Neno majirani likipita, linapita salama.

Ndani, kazi ni ya kuweka akiba. Chombo kikikutana na §, kinaanza kupanga vipande katika rundo, kimoja juu ya kingine. Kikikuta § nyingine kabla ya kumaliza, kinaacha ule wito wa kwanza njiani, kinamaliza wa ndani, matokeo yake yanakuwa sehemu ya kipande cha wito wa nje. Nukta-mkato ikifika ndipo kinatafuta maana ya jina, kikianzia kwenye maana iliyofundishwa mwisho. Kisha kinayasoma yale maandishi ya makro kana kwamba ndiyo yaliyoandikwa na mtu. Basi. Chombo chote kilitoshea katika maagizo 250 ya mashini.

Strachey hakuishia hapo. Alionyesha kwamba chombo hiki kisichojua kuhesabu kinaweza kuhesabu. Ukitaka namba inayofuata 3, unaita makro yenye jina la 1, na vipande vyake ni 2, 3, 4, 5 na kuendelea. Palepale, ndani ya wito huohuo, unafundisha kwamba makro 1 maana yake ni ~3, yaani nipe kipande cha tatu. Kipande cha tatu ni 4. Hakuna kilichojumlishwa. Mashini imefuata nafasi za vitu katika mstari, na wito ukiisha, mafundisho yale ya muda yanafutika. Nilipofuata mfano huo kwa kalamu na karatasi mara ya kwanza, nilirudia mara tatu kabla ya kuamini.

Chombo kilikuwa na ubaya wake, na ni haki kuusema. Ukisahau nukta-mkato moja, GPM inaendelea kukusanya maandishi yote yanayofuata ikidhani ni sehemu ya wito, kwa sababu haina njia nyingine ya kujua kwamba umekosea. Na makro tatu nne zikiingiliana, ukurasa unajaa alama hadi mwenyewe aliyeziandika anapotea. Udogo wa chombo ulilipwa kwa macho ya mwandishi. Makala yake ilitoka mwaka 1965 katika jarida la The Computer Journal, na tangu hapo ikasomwa na kila aliyetaka kujua makro zinafanyaje kazi.

Oxford, na suala la maana

CPL yenyewe haikukamilika kama ilivyopangwa. Ilikuwa kubwa mno kwa mashini na muda uliokuwepo. Martin Richards, aliyekuwa Cambridge, aliipunguza ikawa BCPL, iliyofanya kazi mwaka 1967; Ken Thompson akaipunguza tena ikawa B; na Dennis Ritchie akaikuza B ikawa C miaka ya mwanzo ya 1970. Lugha iliyoshindwa ikazaa iliyoenea.

Strachey hakungoja. Mwaka 1965 alihamia Oxford kuanzisha kikundi cha utafiti wa programu, na alichokitafuta huko kilikuwa upande wa pili wa GPM. Alikwisha kuonyesha umbali ambao mashini inaweza kufika kwa kusogeza alama tu. Sasa alitaka kujua alama hizo zina maana gani, kwa usahihi wa hisabati.

Mwezi wa nane mwaka 1967 alifundisha kozi mjini Copenhagen, na mfano mmoja wa wakati huo unatosha. Katika programu mtu anaweza kuandika kwamba X iwe X kuongeza 1. Alama ya X imeandikwa mara mbili, na ni ileile. Lakini X ya kushoto ni mahali, kama nyumba. X ya kulia ni kilichomo, kama mtu anayekaa ndani. Chombo kinachosoma alama hakiwezi kuona tofauti hiyo hata kikisoma mwaka mzima. Strachey alizipa maana hizo mbili majina tofauti, akazifanya msingi wa kueleza lugha za programu. Mihadhara hiyo ilisambaa kwa nakala za mkono kwa mkono. Ilichapishwa rasmi mwaka 2000.

Kazi ilimkwama kwenye jambo moja: hisabati aliyotumia ilikuwa nzuri kwa kuandikia, lakini hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba ina kitu cha kweli chini yake. Mwaka 1969 mwanahisabati Mmarekani Dana Scott alikwenda kufanya kazi naye Oxford, na kabla mwaka haujaisha Scott akapata msingi huo. Pamoja walijenga njia ya kuipa kila sehemu ya programu maana inayotokana na maana za sehemu zake ndogo. Mwaka 1971 Oxford ilimpa Strachey uprofesa. Yule aliyekosa nafasi ya utafiti kwa sababu ya alama zake alikuwa profesa akiwa na miaka 54, bila doktora.

Alichapisha machache. Alikuwa mtu wa kusahihisha na kusahihisha tena, na mengi aliyojua yalibaki kwenye ubao na katika vichwa vya wanafunzi wake. Akiwa na mwanafunzi wake Robert Milne aliandika kazi ndefu juu ya maana ya lugha za programu, na walikuwa wakiigeuza kuwa kitabu alipougua. Alifariki tarehe 18 mwezi wa tano mwaka 1975 kwa homa ya ini ya kuambukiza, akiwa na miaka 58. Milne alikimaliza kitabu, kikatoka mwaka 1976 kwa majina yao wawili.

Mwaka uliofuata, 1977, Brian Kernighan na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, walitoa chombo cha makro kiitwacho m4, ambacho kimo hadi leo katika kompyuta nyingi zinazotumia Linux. GPM ni mmoja wa wazazi wake. Lakini waliondoa ile alama ya kutangaza wito, ili mtu aandike jina tu bila § mbele yake. Kwa hiyo m4 inabidi ikate maandishi: jina lianze kwa herufi au kistari cha chini, liendelee mradi zinakuja herufi, tarakimu au kistari hicho, na lichukuliwe lote kwa pamoja, ili maji isipatikane ndani ya majirani.